Ramani ya Banda la Uani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshona sketi za shule hadi kiuno kimekaza. Cherehani bado ipo sebuleni, kati ya runinga na kiti cha baba mkwe. Nikikanyaga, anaongeza sauti ya taarifa ya habari. Akiongeza, nakosea mshono. Nimechoka. Nataka banda la uani, langu la kushonea. Nisipolipata, kazi hii naiacha.

Jumatano, 5 Machi
Nimetafuta ramani kwenye simu. Ukiandika "banda la uani" unaletewa nyumba nzima ya kupangisha: chumba, choo ndani, kibaraza. Nani kasema nataka kulala huko? Na zote zimechorwa kwa kiwanja tambarare. Hao wachoraji hawajafika Igoma. Uani kwetu kuna jiwe limelala kama ng'ombe. Situlii. Nafungua simu, nafunga, nafungua tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata moja ndogo, inaenea kati ya jiwe na ukuta. Nimeichapisha pale steshenari. Ina kitanda na choo, nitavifuta. Niliiacha mezani nikaenda sokoni.
Jioni baba mkwe hakula. "Shikamoo, baba." Aliitikia akitazama ukuta. Sikuuliza. Zaidi ya salamu na chakula hatuzungumzi, mimi na yeye. Mkwe ni mkwe. Mengine yote hupitia kwa mume wangu, Masanja.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe! Mzee aliiona ramani. Aliona kitanda kimoja. Anaamini tunamhamishia uani. Jana usiku alimwuliza Masanja, "Yaani mimi ni wa kulazwa bandani, kama kuku?" Na Masanja akacheka. Hakueleza chochote, alicheka tu! Leo asubuhi ndipo ananiambia, akipiga mswaki. Nimemkasirikia mpaka nimevunja sindano ya cherehani. Ameahidi ataongea na baba yake kesho.

Jumapili, 9 Machi
Tumerudi kanisani, chumba cha mzee kitupu. Begi halipo. Nikajua anarudi kwa ndugu zake Sengerema. Masanja anapiga simu, haipokelewi. Sikumngoja. Bodaboda hadi stendi ya Nyegezi, na gauni langu la kanisani.
Alikuwa kwenye benchi, begi mapajani. Niliogopa. Nikasema kwa mdomo wangu, bila kupitia kwa mtu: baba, banda ni la cherehani, kitanda kilikuja na ramani. Basi lake likaita abiria. Halafu akasimama. "Haya, mwanangu. Twende nyumbani."
Sijawahi kuona aibu na furaha kwa pamoja namna hii.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu asubuhi. Sijashona.
Mzee amekuja jikoni mwenyewe, ramani mkononi. Hasira zimeisha, amesema, lakini karatasi hii ameitazama kila siku. Tangu mama mkwe afariki hana mlango anaoweza kuuita wake, hata chumba anacholala anakiona ni chetu. Kwetu anaishi kama mgeni, anakohoa kabla ya kuingia sebuleni. "Kile kitanda, mama, usikifute."
Nilimwonea huruma, na banda langu nililitaka bado.
Baadaye nimechukua penseli. Nimechora ukuta katikati na mlango wa pili, upande wa jiwe. Cherehani itabanana. Masanja ameuliza mlango huo wa nini. Nimemwambia akamwulize baba yake.