Swabir na Oma Yake

Esha weee! Ndugu yangu Swabir kaaibika leo, aibu ya kuomba ardhi ipasuke immeze!

Si unajua alikuwa kwenye majaribio ya kazi hotelini Diani? Wiki nzima kajifunza neno la Kijerumani, Oma, yaani nyanya. Ni la kike, "die Oma", kalikariri mpaka mbuzi wa kijijini kwetu Munje wanalijua.

Asubuhi akampelekea chai mgeni mmoja, mama wa Kijerumani mwenye mvi. Sasa mtoto wa adabu atamwitaje mkubwa wake jina kavu? Akainama kumwamkia: "Guten Morgen, Oma!"

OMA, Esha! Mbele ya meza nzima!

Mama wa watu akaweka kikombe chini. "Mimi sina mjukuu," akamwambia kwa Kiingereza, "wala sikujaliwa kuzaa." Machozi yakamlenga.

Msimamizi wa Swabir, Beryl, akamvuta kando. "Kwao, Oma huitwa na mjukuu wake. Mgeni ni Frau, yaani Bi, na jina lake la ukoo."

Swabir akataka kurudi kuomba radhi. Beryl akakataa, akamvua beji, kazi ikaishia hapo.

Nami, habari nishazipata, na utani wangu nikampokea mlangoni: "Oma, karibu!"

Hakucheka. Aliketi kizingitini akalia. "Dada, mimi nilikuwa namheshimu."