Q'epi na Meza ya Tatu ya Mama

Punata, 4 Agosti

Mdogo wangu Fidelia,

Hujambo huko São Paulo? Kifua chako kimepona? Sisi tupo, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Binti yangu Wilma anakusalimia sana, shangazi yake.

Novemba mosi ni meza ya tatu ya marehemu mama, ile ya vyakula vya kuipokea roho yake, na ya mwisho. Baada ya hapo hatumwekei tena. Nimeshaongea na wenzangu wa redio. Saa sita mchana, roho yake inapofika, tutafungulia sauti yake mwenyewe akisimulia, kama alivyosimulia kwenye kipindi chake miaka kumi na moja. Njoo.

La pili, nasikia unataka kubadilisha amri za Q'epi. Programu ile ya kubana data tuliipa jina la mtandio aliobebea mama viazi, na nilikuachia kwa moyo mweupe. Ongeza amri mpya upendavyo, ila za zamani usiziguse. Mashine inayotunza rekodi za redio niliipangia kazi kwa amri hizo, na sasa hata sikumbuki niliandika nini.

Kaka yako,
Rómulo

São Paulo, 19 Agosti

Shikamoo kaka,

Kifua kimepona, ahsante. Lile goti lipeleke hospitali, acha kulisengenya kwenye barua.

Kuhusu Q'epi, wewe uliandika "bana hii, weka pale". Wengine karibu wote wanataja kwanza mahali pa kuweka, ndipo kitu cha kubana. Wenzangu kazini wananicheka, eti mtandio wenu unabebwa kifuani badala ya mgongoni. Nitageuza. Nimeuliza kwenye jukwaa la watumiaji, nikangoja siku thelathini, hakuna aliyepinga.

Novemba sina hakika, kazi imenikaba. Nitumie hata kipande kimoja cha mama, ile hadithi ya mbweha aliyepanda mbinguni. Kuna jina alilokuwa akimwita yule mbweha mwanzoni. Nimelisahau, na linaninyima raha.

Mdogo wako,
Fidelia

Punata, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti limesikia matusi yako na limevimba zaidi.

Uliuliza kwa Kiingereza, kwenye jukwaa ambalo sijawahi kulifungua. Wanaotumia Q'epi ni watu kama mimi: redio, zahanati, yule bwana wa vipimo vya mvua Tarata. Tuliiweka, ikafanya kazi, tukaendelea na maisha yetu. Sasa kunyamaza kwetu umekuchukua kuwa ndiyo! Tena angalia hatari yake: kitu cha kubana na mahali pa kuweka, vyote viwili ni majina ya faili tu. Ukivigeuza, kompyuta haitalalamika, itafanya kinyume kwa utii.

Kipande sitatuma. Mwaka wa kwanza ulikuwa na kazi, wa pili ulikuwa na kazi. Ukitaka kumsikia mama, njoo ukae mezani kama wenzako.

Kaka yako,
Rómulo

São Paulo, 27 Septemba

Shikamoo kaka,

Mzima? Nimechelewa kujibu. Toleo jipya la Q'epi limetoka leo. Nimegeuza, na onyo nimeliandika kwa herufi kubwa juu kabisa ya maelezo yake. Bado nasema ilikuwa lazima.

Lakini lile lingine umeshinda. Nimekata tiketi, nafika tarehe thelathini na moja. Mwambie Wilma tutakanda pamoja tantawawa, ile mikate ya marehemu, na mkate mmoja nitauwekea uso wa mama. Nimelia kwenye basi kwa furaha, watu wakaniangalia.

Mdogo wako,
Fidelia

Punata, 13 Oktoba

Fidelia,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima wa mwili.

Jana nilikwenda kuchagua rekodi ya meza. Nilifungua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kumbe siku niliyokukabidhi funguo za Q'epi niliiagiza mashine ipokee toleo lolote lenye saini yako bila kuuliza. Nilifanya hivyo kwa kujivunia wewe, kisha nikasahau.

Jumatatu ile baada ya barua yako mashine ilichukua toleo lako ikaanza kazi yake ya kila wiki. Ikasoma faili mpya, iliyoandaliwa kupokea rekodi na bado tupu, ikaandika utupu huo juu ya rekodi yenyewe. Moja baada ya nyingine, elfu moja mia moja na arobaini. Mwisho ikaandika: imekamilika. Kisha ikapeleka nakala parokiani, tunakoweka akiba, juu ya zile za zamani. Onyo lako nani angelisoma, mashine? Kanda za awali zilioza, nilizichoma mwaka wa mafuriko.

Mama hayupo, Fidelia. Safari hii hayupo kabisa.

Kaka yako,
Rómulo

São Paulo, 15 Oktoba

Shikamoo kaka, kama bado unaipokea.

Sijala tangu nipate barua yako. Nimerudisha mpangilio wa zamani na kutoa toleo lingine; amri zinafanya tena kama ulivyoziandika. Ijaribu, tafadhali. Diski usiiguse, kuna mafundi wanaoweza kufukua vilivyofutwa. Nisamehe.

Lakini na wewe, Rómulo! Agosti nilikuomba kipande kimoja. Kimoja! Ungekituma, leo tungekuwa nacho. Ulimfanya mama chambo.

Mdogo wako,
Fidelia

Punata, 22 Oktoba

Fidelia,

Nimeijaribu. Niliipa faili tupu, ikaibana, ikaifungua, ikatoka tupu vilevile, haikupungua hata chembe. Hongera, Q'epi imepona.

Diski fundi wa Cochabamba ameiona. Redio ilikuwa imeshaandika vipindi vya wiki mbili juu yake. Hakuna kitu.

Kuhusu kipande umesema kweli. Nilikunyima ili uje. Hilo nitalibeba mimi, na lako libebe wewe.

Meza itawekwa saa sita. Tiketi unayo na njia unaijua. Sikualiki, wala sikukatazi.

Jana Wilma alisema ataisimulia yeye hadithi ya mbweha, badala ya bibi. Akaniuliza bibi alikuwa akimwita nani yule mbweha. Nimekaa na swali hilo tangu jana, sikumbuki. Nikachukua kalamu nikuulize wewe, nikakumbuka kwamba jina hilo ndilo ulilokuwa ukiniomba Agosti.

Rómulo Colque