Nani Anapunguza Upepo wa Gari la Bwana

Bukoba, mvua bado zinaendelea

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi mwanao Iddi ni mzima, kikohozi kimeisha, na kinachoninyima raha ni huo mguu wako unaouma tu. Nimesikia darasa la kisomo limekuwezesha kusoma mwenyewe. Nimefurahi mno, maana siku zote nilihisi mdogo wangu Shabani anaruka mistari akikusomea, hasa ile inayomhusu yeye. Ndiyo sababu naandika kwa herufi kubwa. Je, nyumba mpya ya kijiji cha ujamaa imekwisha kuezekwa? Na huyo jirani mliyepangiwa, mbuzi wake wanalala kwake au kwenye mtama wako? Mwangalie sana.

Kazi ninayo. Namwendesha mtaalamu wa kahawa, mgeni kutoka Ulaya, ambaye haoni vizuri mvua ikinyesha, na mvua ya huku haijui kunyamaza. Badala ya Landrova kama wenzake, alikuja na gari lake la michezo kwa meli kutoka Mwanza. Ni jekundu, lina viti viwili, na liko chini kiasi kwamba kuku akipita mbele mnatazamana macho kwa macho. Kila siku tunatoka Bukoba kwenda Muleba, na mara nyingine tunapanda mpaka Nshamba kukagua mikahawa ya watu katikati ya migomba. Barabara ni changarawe na matope.

Mama, gari la namna hiyo uhai wake ni upepo wa matairi. Bwana alitaka nijaze paundi zile zile za lami ya kwao. Nikajaza, tukarukaruka hadi Muleba mpaka meno yakaniuma. Nikapunguza sana, jiwe likagonga chuma cha gurudumu, na usukani ukawa mzito kama kumvuta ng'ombe asiyetaka josho. Mwisho nikapata kipimo cha katikati, pungufu kidogo ya kile cha lami. Napima alfajiri tairi likiwa baridi, maana likishatembea upepo hupata joto na kipimo kinakudanganya. Hata kipimo, Mama, siku hizi mchana sikiamini.

Nikadhani nimemaliza. Asubuhi moja nikakuta tairi la mbele limelala. Nikalijaza. Siku nyingine likalala la nyuma. Nikayatia yote kwenye maji, pancha hakuna. Sasa tairi lisilo na tundu litapunguaje upepo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikamtazama mlinzi wetu, mzee anayekesha na gari lile usiku kucha. Anaitwa Kaijage, na hapa kwa heshima wanamwita Ta Kaijage.

Kilichonitia shaka tangu mwanzo ni ukarimu wake. Kila alfajiri nikija kupima upepo, ananinyooshea kahawa za kutafuna. Ni desturi ya Wahaya: huzichemsha na majani yenye harufu, huzianika na maganda yake, na mgeni hupewa kabla ya maneno. “Waitu mwanangu, pokea akamwani,” husema kwa Kihaya chake cha adabu, akamwani ndiyo hiyo kahawa. Nami nilikumbuka ulivyonionya siku naondoka, nisile kitu kutoka mkono nisioujua. Lakini kukataa ni tusi. Basi nikawa napokea kwa mikono miwili, nasema mawili matatu kuhusu mvua, kisha naziachia kwenye mfuko wa shati.

Nikamtega. Jioni nilimwaga majivu kulizunguka gari ili nione nyayo zake. Asubuhi majivu yalikuwa kama nilivyoyaacha, hata panya hakupita, na tairi limelala! Hapo niliogopa kweli. Nikamwambia Bwana kwamba mlinzi wetu si mtu mzuri.

Juzi, kwenye mteremko kabla ya Muleba, tairi la mbele lililokuwa limepungua likavuta gari kulia, tukaingia kwenye migomba ya watu. Hatukuumia, ila mkungu ulidondoka juu ya boneti, na Bwana alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. “Kesho Kaijage aondoke,” akasema. Na mzee yule mke wake amelazwa hospitali ya Rubya, nauli ya kwenda kumwona inatoka kwenye kazi hiyo hiyo.

Nikachukua pampu. Nilipofungua kifuniko cha vali, kikadondoka kipande cha ganda jeusi. Nikakinusa: kahawa. Nikatia mkono mfukoni. Mle ndimo ninamoweka vifuniko vya vali nikipima, visipotee majanini, na mle ndimo zilimokuwa kahawa zote nilizoogopa kutafuna, zimevunjikavunjika. Kipande kikiingia ndani ya kifuniko, nikifunga tu kinabonyeza kipini cha vali, na upepo unatoka polepole kutwa kucha. Aibu, Mama! Nilichuchumaa topeni nikashindwa hata kupampu.

Nilimwambia Bwana pale pale, kabla ujasiri haujaniisha. Alinitazama weee, kisha akasema Kaijage atabaki, na mimi nikaushone mdomo ule mfuko.

Jana alfajiri nikamwendea mzee kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Nilikuona ukimwaga majivu,” akasema.

“Mbona hukuyakanyaga, Ta Kaijage?”

“Nilizunguka mbali. Ulikuwa umeyamwaga vizuri, nikasema nikiyaharibu mwanangu atapata tabu ya kumwaga tena.”

Kahawa hakunipa, ilibidi niombe mwenyewe. Akautazama kwanza mfuko wangu, umeshonwa, ndipo akanipa punje moja, akasimama ananiangalia mdomoni mpaka nikaitafuna. Mwanzoni ni chungu, baadaye inapendeza.

Nisalimie mjomba Saidi, dada Mwajuma na watoto wake, mwalimu wako wa kisomo, na huyo jirani wa mbuzi pia, huenda tumemwonea. Shabani mwambie bahasha nimeibandika kwa gundi, ikifunguliwa nitajua.

Humo ndani utakuta kahawa chache. Amezifunga Ta Kaijage mwenyewe kwenye jani kavu la mgomba, akasema ni za mama yangu. Najua utataka kumwonjesha mjomba kwanza. Usimwonjeshe. Zitafune wewe, Mama.

Ni mimi mwanao,
Iddi