Siku Zangu Zimerudi, Mume Wangu Anaumwa Kifua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ila usinicheke, maana shida yangu ni ya mtu aliyebahatika kupita kiasi. Mimi ni fundi wa mapazia, nina miaka hamsini na nne, mume wangu ni mwalimu wa udereva, watoto wameshakuwa watu wazima na wana makwao, na hedhi yangu ilikoma miaka kama mitatu iliyopita ikaniachia yale mafukuto yanayompanda mtu kuanzia kifuani hadi utosini, mpaka karakana nzima ikawa inagombania feni na mimi, na ngozi nayo ikakauka, nikijikuna mkono unabaki na mistari myeupe, na siku moja mteja aliyekuja kuagiza mapazia ya sebuleni akaniita bibi, na yeye mwenyewe ana mvi, mshauri, iliniuma mpaka nikakosea kipimo cha dirisha lake.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye chumba cha urembo nyumbani kwake, wateja wake wanamwita Mama Mng'ao. Aliniletea krimu kwenye kopo jeupe lisilo na maandishi yoyote, akasema, "Wifi, hii ni mimea mitupu. Paka usoni, shingoni, kifuani, mgongoni, mapajani, asubuhi na usiku, wala usibanie." Sikubania. Kabla kopo la pili halijaisha mafukuto yalikuwa yamekwisha, nalala usingizi wa kukoroma, ngozi imekuwa laini, na mume wangu, ambaye tangu anioe sijawahi kumsikia akisifia kitu kisicho na magurudumu, akanishika shavu akasema, "Mama, umelainika," na tangu hapo akawa halali mpaka aweke kifua chake mgongoni kwangu, nami nimeshajipaka, ametulia kama mtoto.

Wifi alifurahi kuliko mimi. Akipata wateja wapya ananiita, nasimama katikati ya chumba, yeye anauliza, "Haya, kisieni umri wake!" na wao wanakosea, na mimi natabasamu, na picha yangu ameibandika langoni kwake, kubwa, hata mikunjo iliyobaki ameifuta.

Sasa mshauri, majuzi nikiwa nashona marinda ya pazia la ofisi ya mwanasheria nikahisi kitu, nikaenda chooni, nikakuta damu. Nilikaa mle ndani nikicheka peke yangu. Nilipotoka nikamnong'oneza mwenzangu anayekata vitambaa, akanirukia shingoni, "Shoga, umerudi sokoni!" na jioni ile ile akaenda kwa wifi kuchukua kopo lake. Wifi naye nilipomwambia hakushtuka hata kidogo, alisema, "Ndiyo kazi yake, inarudisha kila kitu," na sasa ananitaka niliseme hilo pia mbele ya wateja. Nimeshalisema mara mbili. Damu yenyewe haina utaratibu, inakuja ikitaka na kuondoka ikitaka, lakini nikajiambia hata gari lililolala muda mrefu huwa linakohoa kwanza kabla ya kuwaka.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, naogopa mimba. Nianze njia gani ya uzazi wa mpango kwa umri huu, na nitamwambiaje nesi ambaye ni rika la binti yangu? La pili ni mume wangu. Amenuna. Anasema kifua kinamuuma, chuchu zimemvimba, mkanda wa gari ukimgusa anakunja uso mbele ya wanafunzi, jua linawaka yeye yuko ndani ya koti, na nikimkumbatia ananiambia, "Taratibu upande huo." Hospitali hataki kusikia. Mimi naona ni wivu wa ujana wangu. Nitaishije na mwanamume anayezeeka wakati mimi narudi nyuma?

Wako,
Aliyerudi Ujanani

*

Dada yangu,

Barua huwa zinakaa mezani kwangu zikisubiri zamu yake. Yako niliisoma nimesimama, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshaigeuza kutafuta kama umeacha namba ya simu. Uliacha, namshukuru Mungu. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji tuliyozungumza, basi nayaeleza, maana najua hauko peke yako.

Ulipopokea simu yangu, cherehani zilikuwa zinalia nyuma yako. Nikakuambia, "Mama, hiyo si hedhi."

"Kama si hedhi ni nini?"

"Sijui. Ndiyo maana kesho asubuhi unakwenda hospitali."

Ukacheka. "Nikamwambie daktari nini, kwamba nimepona uzee?"

"Mwambie hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita na sasa unatoka damu. Hatacheka. Na uende na kopo, na uende na mume wako."

"Huyo hatoki ndani ya koti."

"Basi aende nalo."

Zile cherehani zikanyamaza, nadhani wenzako walikuwa wameanza kusikiliza. Kisha ukauliza kwa sauti ndogo sana, "Mshauri, ni kansa?" Nikakujibu nilivyoona ni haki kukujibu: mara nyingi siyo, lakini wakati mwingine ndiyo, na hakuna mtu anayeweza kujua kwa kukutazama uso, hata uwe unang'aa vipi.

Ulikwenda. Siku hiyo hukujipaka kitu, na uliniambia ulijiona kama umetoka nyumbani bila nguo. Daktari wa magonjwa ya wanawake alikufanyia kipimo cha altrasaundi akakuta utando wa ndani ya kizazi umenenepa kupita kawaida, akachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa. Kisha akalifungua lile kopo, akalinusa, akakuuliza linasema nini. Ukamjibu, "Halisemi kitu." Akasema hiyo ndiyo shida yake. Dalili zenu nyote wawili, wewe na mzee, zilimwelekeza kwenye homoni za kike zilizochanganywa humo bila kipimo, na kopo akalipeleka maabara, ambako zilipatikana. Ngozi inazinywa. Zilikutuliza mafukuto, ni kweli, kisha zikaendelea na safari mpaka kwenye kizazi, ambako hukuwa umezituma. Na kifua cha mume wako kilichokuwa kinalala mgongoni kwako kila usiku kilikunywa sehemu yake. Hakuwa na wivu, maskini. Alikuwa anaota matiti, na aibu ikamfunga mdomo.

Zile siku za kusubiri majibu ulinipigia ukaniambia mzee amekaa na wewe jikoni, amevua koti, halafu akasema, "Angalau tumeharibika pamoja," mkacheka mpaka ukalia. Majibu yakatoka: si saratani. Utando umenenepa tu, nawe umepewa dawa ya kuurudisha chini, na utapimwa tena. Mume wako ameambiwa uvimbe utapungua taratibu kwa kuwa hagusi tena krimu hiyo, ila arudi aangaliwe.

Sasa nikuseme kidogo, maana hofu imeshapita na masikio yako yamefunguka. Mwili wako ulikupigia kelele, nawe ukazisherehekea. Pazia la mtu hulishoni bila kujua ni kitambaa gani, lakini kifuani kwako ulipaka kitu kisicho na jina asubuhi na usiku kwa sababu aliyekuletea ni wifi. Na wewe mwalimu wa udereva, najua unasoma hapa begani kwake, kama ungevua koti mapema ukasema, "Mke wangu, naumwa hapa," huenda mngefika hospitali kabla ya ile damu. Mwanamume kuumwa titi si fedheha, ni ugonjwa kama mwingine.

Swali lako la mimba limejijibu lenyewe. Mafukuto yakirudi, na yanaweza kurudi, usiyavumilie kwa ushujaa wala usiyapeleke kwenye chumba cha urembo. Mwambie daktari huyo huyo. Dawa zipo, na hata homoni zenyewe zipo, lakini zinatolewa na mtu anayejua una kizazi cha kulindwa, anayejua kipimo, na atakayekuita tena kukuangalia. Ngozi kukauka baada ya hedhi kukoma ni jambo la kawaida: tumia sabuni isiyo na manukato, paka losheni ya kawaida mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, jikinge na jua, na ununue kitu ambacho kopo lake linaeleza kilichomo. Hutaonekana wa miaka thelathini. Utaonekana wa hamsini na nne aliyelala vizuri, na huyo mteja akikuita tena bibi, mwongezee siku za kusubiri mapazia yake.

Limebaki la wifi. Umeniambia amekasirika, anadai hospitali zinaionea biashara yake wivu, na mumeo anataka kuacha kabisa kusalimiana na dada yake. Mwambie asiache. Aende mwenyewe, ndugu kwa ndugu, amwonyeshe kifua, na majibu ya maabara. Asiposikia, yapelekeni kwa wanaokagua dawa na vipodozi, na msione haya, maana wanawake wanaoingia pale nao wana vizazi. Picha yako iondoke langoni leo.

Na wale uliosimama mbele yao ukasema damu imerudi, watafute. Najua ni aibu. Nenda hivyo hivyo na aibu yako, na mikunjo yako, uwaambie ulikosea na uwaambie wapi pa kupimwa. Anza na mwenzako anayekata vitambaa. Uliniambia anakaa meza ya pili kutoka kwako, na kama hujamwambia, asubuhi ya leo amejipaka.