Rauta ya Vifaa Kumi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Rauta ya maabara, ile inayogawa intaneti, imenichosha! Laptop kumi zikishaingia, ya kumi na moja inagomewa. Mimi nina vijana thelathini na wawili wa kidato cha nne. Nimepiga huduma kwa wateja. Dada akasema ndivyo ilivyowekwa, ukomo wake umefichwa, hata wao hawaugusi. Umefichwa — ndani ya kitu ambacho shule ilikinunua! Ngoja.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa. Upo mfumo huria, unauweka ndani ya rauta badala ya ule wa kampuni, kila kitu kinakuwa wazi. Mkuu wa shule, Mwalimu Fridolin, hakupenda. Akasema tukiiharibu hatuna nyingine, na Ijumaa saa nne ni jaribio la mtandaoni, sisi na shule za Mofu na Michenga. Asiyeingia saa nne kamili amekosa. Nikamwambia kwa rauta hii watakosa ishirini na wawili. Akakuna kichwa.
"Haya, Madam Aurelia. Ila ikiharibika, jina ni lako."
Na liwe langu! Kazi hii naiweza.

Jumatano, 10 Septemba
Kikwazo cha kipuuzi. Rauta hizi zina matoleo matatu, kila toleo na faili lake la mfumo huo. Namba ya toleo iko kwenye lebo ya chini. Nimegeuza — rangi nyekundu tupu! Mama Margareta wa stoo amepiga namba ya mali ya shule juu ya lebo. Hapigi viti na ndoo tu, mpaka mafagio. Nikisimama sana stoo na mimi nitapigwa namba.
Sikwenda kumuuliza. Mambo ya matoleo atayajulia wapi? Kwa umbo hili ni la pili. Nina uhakika.

Alhamisi, 11 Septemba
Umeme umekatika kutwa. Basi kesho asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba
Saa mbili na nusu. Nimepakia faili la toleo la pili. Asilimia mia — taa zikazimika zote. Haziwaki. Naogopa, nisijidanganye.

Saa tatu. Mama Margareta kaniletea chai. Shikamoo yangu ilitoka bila sauti, akajua kuna jambo. Nikamweleza. Akaenda stoo, akarudi na leja. Kumbe kabla ya kupiga rangi alinakili lebo nzima, herufi kwa herufi. Toleo la tatu!
"Kuuliza si ujinga, mwanangu."
Aibu imenishika mpaka masikioni.
Lakini njia ya kuifufua ipo. Unabana kitufe cha nyuma, unawasha, rauta inapokea faili jingine kwa waya. Faili sahihi nimelishusha kwa simu. Hii naiweza, kweli naiweza.

Saa tatu na nusu. Kidole gumba cha kushoto kwenye kitufe, faili linaingia kwa waya, naandika kwa mkono wa kulia. Vijana wamepanga foleni nje. Mkuu anabisha hodi, anauliza kama tuko tayari. Mama Margareta ananinong'oneza: tuseme ni rangi yake iliyoharibu, yeye mwakani anastaafu, hatafanywa kitu.
Nimekataa.
"Mfungulie, mama. Nitamwambia mwenyewe."
Anavuta komeo. Taa moja ya rauta imepepesa — au ni macho yangu?