Usiguse Soketi ya Jikoni

Evelyne mwanangu,

Meni swichi nimeizima. Usiiwashe mpaka fundi Haidari aje. Pikia kuni, ndizi nimeshamenya.

Asubuhi hii baba yako alianza kufungua soketi ya jiko la umeme, miguu mitupu, sakafu bado imelowa. Nikamwambia, "Baba Evelyne, si umsubiri Haidari?" Akanicheka: "Nimeshazima kaswichi kake, unaogopa nini?" Kumbe nyaya za nyuma zilikuwa na umeme bado. Ukamnasa. Nilitaka kumvuta, nikakumbuka kwamba nami ningenaswa, nikakimbilia meni swichi kwanza. Nawe ukiona mtu amenaswa usimguse, zima umeme.

Anapumua, lakini nikimwita haitiki. Byarugaba jirani ameleta gari, wanampakia sasa hivi, tunampeleka hospitali Bukoba.

~~Mwambie bibi yako kwamba baba anaendelea vizuri.~~ Hapana, usimdanganye, ni mwanawe. Mwambie tumekwenda hospitali, umshike mkono.

Jioni ikifika sijapiga simu, waite baba zako wadogo wa Izigo. Waambie waje kulala hapa, na wafagie uwanja, watu watakuja.

Mama