Sauti Iliyo Ubelgiji

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Kabla sijakuamkia nakuomba jambo moja: neno lolote la barua hii lisitoke mdomoni mwako. Isome peke yako, kisha uitie motoni. Mama usimwambie. Sasa nakuamkia. Habari za Butembo? Mguu wa Mama umepona? Mimi ni mzima, ninakula, ninalala. Sijui niongeze nini hapo.

Biro yetu, ile ofisi, ilifungwa, kila mtu anafanya kazi kwake. Emaili tunazifungua kwa VPN, ile programu inayopitisha internet yako katika nchi nyingine, yetu Ubelgiji, ili mtu wa hapa asione unachosoma. Lakini huku mpakani simu hushika mtandao wa Goma, ikiukosa hushika wa ng'ambo, na VPN inakatika. Emaili ikiona mtu yuleyule yuko Goma, mara yuko Ubelgiji, inamdhania mwizi na kumfungia. Karani mdogo ni mimi, basi wote wananipigia mimi.

"Weye mutoto," aliniambia Papa Bahati, mhasibu wetu anayekaa Mabanga, "mashine inasema niko Ubelgiji. Sasa mushahara ya Ubelgiji iko wapi?"

"Papa, zima VPN kwanza. Fungua ukurasa wowote. Inafunguka?"

"Inafunguka."

"Basi internet iko. Washa VPN tena, chagua Ubelgiji ileile ya jana, usibadilishe. Kisha ndio ufungue emaili."

Kesho yake alikuwa amesahau. Nikamrekodia maelezo yote kwa WhatsApp, polepole, kama mwalimu. Yeye kwa wema wake akayapitisha kwenye kundi la avenue yao, la watu wa mtaa, maana kila mtu alikuwa na shida hiyo. Kundi likapeleka kwa kundi. Nilikuja kuisikia sauti yangu mwenyewe sokoni, ikitoka kwenye simu ya mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Juma lililopita Papa Bahati alikuwa anarudi kutoka Mugunga. Pale Lac Vert njiani, wenye bunduki wanaoshika mji sasa walimshusha kwenye pikipiki, wakamsikilizisha sauti yangu kwenye simu yao. Kwao, anayeficha internet yake ana neno la kuficha.

"Muzee, huyu anayefundisha watu ni nani?"

"Simujue. Mashine inasema iko Ubelgiji."

Wakacheka. Kisha wakampiga makofi, wakamwachia.

Alinieleza hayo akiwa amekaa kitandani, sikio limevimba, bado anafanya mzaha: "Weye ni mutu wa Ulaya sasa, usitusahau." Nilicheka naye. Ndani sikusikia kitu.

Tangu hapo sisemi nje ya nyumba. Sokoni ninaonyesha kwa kidole. Kanisani ninasogeza midomo tu. Wenzangu wa kazi ninawaandikia: zima, fungua ukurasa, washa, nchi ileile. Emaili zao zinafunguka.

Msalimie shemeji, mume wako. Msalimie Nyanya aliyenibeba mgongoni. Mwambie kazi ni nzuri.

Ukitaka kunipata, niandikie kwa emaili. Nisipojibu, usiulize kwa mtu wa Goma. Ngoja, labda koneksio imekatika tu. Ukishindwa kungoja, piga simu, lakini usitaje jina langu. Nitapokea na sitasema kitu. Ongea wewe. Nieleze mvua ya huko, nieleze Mama anavyotembea. Ukisikia mtu anapumua, ni mimi, usikate.

Mdogo wako.